Hedhi Inapokoma: Homoni au Mitishamba?

Wanawake wengi hukoma hedhi kati ya miaka 45 na 55. Homoni ya estrojeni hupungua, na hapo huja jasho la usiku, kukosa usingizi na joto la ghafla. Joto la Diani mwezi Machi humpata kila mtu. Hili huanzia kifuani likapanda usoni, hata feni ikiwa inazunguka.

Tiba yenye nguvu zaidi kwa joto hilo ni estrojeni. Aliye na mfuko wa uzazi huongezewa projesteroni, kwa kuwa estrojeni peke yake inaweza kuleta saratani ndani ya mfuko huo. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti kwa kawaida hapewi homoni hizi. Aulizie dawa nyingine.

Mwarobaini unasifiwa sana Pwani, lakini haijathibitishwa kwamba hutuliza joto hili, na unaweza kumshusha sukari kupita kiasi anayemeza dawa za kisukari. Anayetumia mitishamba aende nayo kituo cha afya cha Diani au hospitali ya Msambweni, aionyeshe bila kuona haya.

Damu ikitoka baada ya miezi 12 bila hedhi, isidhaniwe kuwa hedhi imerudi, wala isitafutiwe mizizi. Mama aende kupimwa wiki hiyohiyo.