Kati ya Simu na Darasa: Ufundishaji Mseto wa Vipasuo vya Kiswahili Kericho na Bomet

Utangulizi

Vyuo vikuu nchini Kenya vilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya UVIKO-19, mafunzo mengi yalihamia mtandaoni. Wanafunzi waliporejea, swali lilibaki: ni sehemu ipi ya somo ifundishwe mtandaoni, na ipi ifundishwe ana kwa ana? Makala haya yanalijibu kwa kutumia mfano wa matamshi ya wanafunzi wazungumzaji wa Kipsigis katika maeneo ya chai ya Kericho na Bomet.

Tatizo

Kipsigis, mojawapo ya lahaja za Kikalenjin, hakitofautishi maana kwa mghuno wa vipasuo. Sauti [p] na [b] ni alofoni za fonimu moja; hali ni hiyo kwa [k] na [g]. Katika Kiswahili, kinyume chake, <i>pata</i> si <i>bata</i>, <i>kamba</i> si <i>gamba</i>, wala <i>tamu</i> si <i>damu</i>. Anayekariri shairi na kutamka <i>tamu</i> mahali pa <i>damu</i> amegeuza maana ya mshororo. Akihitimu kuwa mwalimu, huenda akawarithisha wanafunzi wake kosa hilo. Hii ni athari ya lugha ya kwanza. Wanaomcheka humfunza kunyamaza tu.

Mpangilio wa somo

Kwanza, mtandaoni. Mwalimu arekodi jozi 10 za maneno na kuzituma kwa simu. Rekodi fupi ya sauti hugharimu data kidogo kuliko video, jambo zito kwa mwanafunzi ambaye karo yake hutokana na majani ya chai. Aidha, ataisikiliza apendavyo bila haya. Asiyesikia tofauti huenda akapata ugumu kuitamka.

Pili, darasani. Mwanafunzi aweke vidole kooni, atamke <i>apa</i> kisha <i>aba</i>, ahisi mtetemo wa nyuzi za sauti. Halafu wakae wawili wawili: mmoja atamke, mwenziwe aonyeshe neno alilolisikia. Mwalimu arekebishe papo hapo.

Tatu, mtandaoni tena. Mwanafunzi arekodi ubeti mmoja na kumtumia mwalimu peke yake.

Hitimisho

Simu ipewe kazi ya kurudiarudia. Darasa lipewe kazi ya kusahihishana. Wanachama wenye lugha nyingine za kwanza nao waandae jozi zao, kama vile <i>kula</i> na <i>kura</i> kwa wazungumzaji wa Kikuyu.