Bwana Robert Owen na Watoto wa Kinu cha Pamba

Mtu anunuapo shati hutazama rangi yake, huvuta kitambaa aone kama kina nguvu, kisha hushindana na mwenye duka juu ya bei. Ni wachache waulizao ni mikono ya nani iliyosokota nyuzi zile. Lakini palikuwa na wakati, yapata miaka 200 na zaidi iliyopita, ambapo swali hilo lingalijibiwa kwa aibu, maana katika vinu vya pamba vya Uingereza na Uskoti mikono mingi ilikuwa mikono ya watoto.

Hapo kale nyuzi zilisokotwa majumbani kwa gurudumu, uzi mmoja mmoja. Mwaka 1769 Richard Arkwright alipewa na serikali haki ya mtambo wake uliosokota nyuzi nyingi pamoja, na mitambo ya namna hiyo ikazungushwa kwa nguvu ya maji ya mto. Mtambo huo haukuhitaji mtu mwenye misuli. Ulihitaji vidole vyembamba vya kuunga uzi ukatikapo, na mwili mdogo wa kupenya chini ya chuma kufagia manyoya ya pamba. Wenye vinu wakaona ya kuwa mtoto aweza kazi hizo, na ujira wake ni haba, tena hana uwezo wa kubishana na bwana wake. Katika miji mikubwa walikuwako yatima na watoto wa maskini waliolishwa kwa fedha za wenyeji, na wasimamizi wao walifurahi kuwatoa kwa wenye vinu ili gharama ipungue. Mtoto akafungwa kwa mkataba wa miaka mingi, naye hajui kusoma hata herufi moja ya mkataba huo.

Katika nchi ya Uskoti, karibu na maporomoko ya mto Clyde, kuna kijiji kiitwacho New Lanark. Vinu vyake vilianza kujengwa mwaka 1785 na tajiri mmoja, David Dale, akishirikiana na Arkwright. Dale alihesabiwa kuwa mtu mwema. Watoto wake wa kazi walilala mahali safi, walikula vizuri, na jioni waliwekewa mwalimu. Wageni waliokuja kutazama walimsifu, wakasema laiti matajiri wote wangalikuwa kama yeye.

Mwaka 1799 kijiji hicho chote, pamoja na vinu vyake, kilinunuliwa kwa pauni 60,000 na Robert Owen na washirika wake. Owen alizaliwa mwaka 1771 katika mji mdogo wa Newtown, nchi ya Wales. Baba yake alikuwa mtengenezaji wa matandiko ya farasi. Alipokuwa na umri wa miaka 10 tu alitoka kwao akaenda kujifunza kazi katika duka la nguo. Kwa hiyo habari za mtoto kuamkia kazini hakuzisoma kitabuni. Mwaka ule ule aliponunua vinu alimwoa Caroline, binti Dale, na mwanzoni mwa mwaka 1800 akashika usimamizi.

Alikuta watoto wapatao 500 walioletwa kutoka nyumba za maskini. Wengi waliletwa wakiwa na umri wa miaka 5 hata 8. Walianza kazi saa 12 asubuhi, wakamaliza saa 1 ya usiku, wakipewa nafasi ya kula tu. Kisha ndipo waingie darasani. Miaka mingi baadaye, Owen alipoulizwa na wajumbe wa Bunge, aliwaeleza alivyowaona watoto wale. Nyuso zao, alisema, zilikuwa na afya, maana walilishwa vema. Lakini viungo vyao vilipotoka na kimo chao kilidumaa. Na ingawa walikuwa na mwalimu hodari, walichukua muda mrefu mno kujua hata alfabeti. Jambo hili lafaa kufikiriwa. Dale hakuwa mkatili, wala mwalimu wake hakuwa mvivu. Tatizo ni kwamba mtoto aliyesimama mbele ya mtambo tangu alfajiri hana tena akili ya kusoma. Na wema anaotendewa usiku hauwezi kumrudishia alichonyang'anywa mchana.

Basi Owen akakataa kupokea tena watoto wa nyumba za maskini. Akaweka amri kwamba asiajiriwe mtoto aliye chini ya miaka 10. Badala ya watoto wale akajenga nyumba ili familia nzima zije kukaa kijijini, na saa za kazi akazipunguza kidogo kidogo, hata mwaka 1816 zikawa saa kumi na robo tatu kwa siku. Leo hesabu hiyo ni nzito kwa mtu mzima, sembuse mtoto wa miaka 10. Lakini katika vinu vingine watu walifanya kazi saa 13 au 14. Katika duka la kijiji aliuza vyakula na nguo njema kwa bei nafuu, na faida iliyopatikana ikatumika kwa shule.

Mwanzoni wafanyakazi hawakumwamini. Walidhani ni hila ya tajiri mwingine. Ndipo, kabla ya mwaka 1810, serikali ya Marekani ilipozuia bidhaa zake zisipelekwe ng'ambo, na bei ya pamba ikapanda mno. Wenye vinu wengi waliwafukuza watu wao. Owen alisimamisha mitambo, lakini kwa muda wa miezi 4 akawalipa watu mshahara wao wote kwa kazi ya kusafisha mitambo tu. Gharama yake ilipita pauni 7,000. Tangu hapo maneno ya hila yakakoma.

Washirika wake, hata hivyo, hawakupendezwa. Wao walitaka faida, na shule waliiona kuwa fedha inayotupwa. Ugomvi ukakua hata mwisho wa mwaka 1813 vinu vikauzwa kwa mnada. Washirika walitumaini kuvipata kwa bei rahisi na kumwondoa Owen. Lakini yeye alikuwa amekwisha kutafuta washirika wengine, miongoni mwao mwanafalsafa Jeremy Bentham na William Allen wa dhehebu la Makweka, waliokubali kupokea faida ya 5 kwa mia tu, na zaidi ya hiyo itumike kwa elimu na manufaa ya wafanyakazi. Mnada ukaisha kwa pauni 114,100, na mshindi akawa Owen. Aliporudi New Lanark watu walimlaki njiani, wakawafungua farasi wake, wakalivuta gari kwa mikono yao.

Tarehe 1 Januari 1816 jengo jipya la shule likafunguliwa. Mtoto aliweza kuingia mara ajuapo kutembea vizuri. Walimu wa kwanza wa watoto wadogo walikuwa James Buchanan, mfumaji maskini, na msichana wa miaka 17 jina lake Molly Young. Owen hakuwachagua kwa elimu yao, bali kwa upole na uvumilivu wao. Aliwaamuru wasimpige mtoto yeyote, wala wasimtishe kwa neno wala kwa uso. Kutani palitundikwa picha za wanyama na ramani kubwa. Watoto waliimba, walicheza ngoma, na kutoka nje kutazama mimea na mawe. Wageni kwa maelfu walikuja kutoka nchi nyingi. Wenye vinu waliokuja nao waliona jambo lililowashangaza kuliko ngoma za watoto: vinu vya New Lanark vilikuwa vikipata faida.

Faida hiyo ndiyo iliyompa Owen nguvu ya kusema na matajiri wenzake. Aliwaandikia kwamba wao huitunza mitambo ya chuma, huisafisha na kuipaka mafuta, ilhali mitambo iliyo hai, yaani watu, hawaiangalii. Wachache wakasikia. Owen akatambua ya kuwa kinu kimoja chema hakiwaokoi watoto wa vinu mia, maana tajiri mwovu huuza uzi wake kwa bei ya chini akamshinda aliye mwema. Kwa hiyo akataka sheria, iwafunge wote sawasawa.

Sir Robert Peel, mjumbe wa Bunge ambaye naye alikuwa mwenye vinu, akaichukua kazi hiyo. Wenye vinu wakapinga kwa miaka 4. Walisema ya kwamba mtoto asipofanya kazi atakuwa mvivu, na ya kwamba wageni watawanyang'anya biashara; maneno ambayo hayajakoma kusikika hata leo. Sheria ikapita mwaka 1819, lakini imepunguzwa sana. Owen alitaka umri wa miaka 10. Sheria ikasema miaka 9. Alitaka kazi isizidi saa kumi na nusu. Sheria ikaruhusu saa 12. Tena ilihusu vinu vya pamba peke yake, wala hawakuwekwa wakaguzi wa serikali wa kuitimiza, basi aliyetaka kuivunja akaivunja. Wakaguzi walikuja kwa sheria ya mwaka 1833, nao walikuwa watu 4 tu kwa nchi nzima.

Pamoja na sifa hizo zote, kuna neno moja lisiloweza kufichwa. Pamba iliyosokotwa New Lanark ilitoka sehemu kubwa Marekani na visiwa vya West Indies, nako ililimwa na kuchumwa na watumwa. Watoto wa watumwa hao walichuma pamoja na mama zao. Mtoto wa mto Clyde aliketi darasani akitazama ramani, na juu ya ramani ile ile palikuwako mahali ambapo mtoto mwingine aliinama juani kwa ajili ya uzi ule ule. Ukuta wa kinu ulikuwa ndio mpaka wa haki.

Mpaka wa namna hiyo ulionekana tena karibu miaka 200 baadaye, katika mji wa Sialkot, nchi ya Pakistan, ambako ilishonwa sehemu kubwa ya mipira ya miguu iliyoshonwa kwa mkono duniani. Mpira huo una vipande 32, vya pembe 5 na vya pembe 6, navyo huunganishwa kwa sindano. Wafanya biashara walikata vipande katika viwanda vyao, wakavitoa kwa mawakala, na mawakala wakavipeleka majumbani vijijini. Aliyeshona huko, mwenye kiwanda hakumwona. Magazeti yalipotangaza mwaka 1996 ya kuwa maelfu ya washonaji hao ni watoto, wengi wa wenye viwanda na wanunuzi wa ng'ambo walijibu kwamba viwandani mwao hamna mtoto. Na jibu hilo lilikuwa kweli isiyosaidia neno.

Mwezi wa Februari 1997 chama cha wafanya biashara wa Sialkot kilitia sahihi mapatano pamoja na Shirika la Kazi Duniani na shirika la Umoja wa Mataifa la watoto, UNICEF. Kazi ya kushona itolewe majumbani, ipelekwe mahali panapojulikana, ambapo mkaguzi aweza kuingia bila kutoa habari mbele. Wala asishone mtoto aliye chini ya miaka 14. Watoto walioacha sindano wafunguliwe madarasa. Kazi ikaendelea vizuri kuliko wengi walivyotazamia, lakini ilileta taabu moja. Wanawake wengi wa vijijini, kwa desturi zao, hawakuweza kutoka kwenda kufanya kazi mbali pamoja na wanaume, basi kazi ilipoondoka nyumbani, ujira wao ukaondoka nayo. Na mama akikosa ujira, ada ya shule ya mtoto itatoka wapi? Ikabidi vifunguliwe vituo vidogo vya wanawake karibu na nyumba zao.

Mwaka 2012 UNICEF, pamoja na shirika la Save the Children na jumuiya ya Umoja wa Mataifa ya wafanya biashara, walitoa kanuni 10 juu ya haki za watoto na biashara. Kanuni ya pili yamtaka mfanya biashara aondoe kazi ya watoto si kwake tu, bali hata kwa wale anaouziana nao. Ya tatu yamtaka awape kazi ya heshima vijana waliofikia umri, na wazazi wa watoto.

Maswali

1. Kwa nini watoto wa New Lanark walichelewa kujua kusoma, ingawa walikuwa na mwalimu hodari?
2. Owen alikuwa na kinu chema. Kwa nini alitaka sheria pia?
3. Wenye viwanda wa Sialkot walisema kweli, nayo haikutosha. Eleza.
4. Chagua kitu kimoja kilichomo darasani. Taja watu wote unaodhani walikishika kabla hakijafika hapo.