Bomba la Uani Likivuja, Fundi Analipwa na Nani?

Katika nyumba yenye kaya kadhaa na mita moja ya maji, gharama ya matengenezo huamuliwa kwa mambo matatu: bomba lililoharibika liko upande gani wa mita, linamhudumia nani, na limeharibikaje. Barua ya mpangaji mmoja wa Singe, mjini Babati, inagusa yote matatu. Nyumba anayoishi ina wapangaji watano. Bomba lililofukiwa uani lilivuja chini kwa chini mpaka ankara ikaja mara tatu ya ile ya kawaida. Mwenye nyumba amewataka wachange fedha ya fundi na ya ankara pia.

Mita ndiyo mpaka wa kwanza. Bomba la mtaani na laini inayoletwa hadi kwenye mita ni jukumu la mamlaka ya maji, ambayo kwa Babati ni BAWASA. Likivuja huko, kazi ya mteja ni kutoa taarifa. Maji yakishapita mita yamehesabiwa kuwa yametumika, yawe yamepikia ugali au yamelowesha udongo tu, na anayedaiwa ni yule ambaye akaunti ina jina lake. Katika nyumba za kupanga, huyo mara nyingi ni mwenye nyumba.

Baada ya mita huingia Sheria ya Ardhi, Namba 4 ya mwaka 1999. Kifungu cha 88 kinamtaka mwenye nyumba aliyepangisha sehemu tu ya jengo atunze paa, kuta za nje, mifereji mikuu ya maji, na miundombinu inayotumiwa na wote. Sharti hilo huhesabika kuwa ndani ya mkataba hata kama mkataba haukulitaja. Bomba la uani linalopeleka maji kwa kaya zote tano ni la kundi hilo, na chemba ya majitaka vilevile. Fundi wa Singe, basi, analipwa na mwenye nyumba.

Ndani ya chumba hesabu hubadilika kidogo. Koki iliyochakaa kwa miaka haimhusu mpangaji, kwa kuwa sheria haimdai uchakavu wa kawaida, ingawa wengi hununua mpira wa koki wenyewe kuliko kumsubiri mwenye nyumba wiki nzima. Aliyevunja koki kwa kuning'iniza ndoo, au aliyeziba choo kwa matambara, hulipa mwenyewe. Mkosaji asipojulikana, kuwachangisha wote ni njia rahisi kwa mwenye nyumba, lakini haina msingi katika sheria hiyo.

Fundo gumu la barua ni ankara. Uvujaji mdogo hula maji mengi kuliko watu wanavyodhani: tundu linalojaza kikombe cha robo lita kwa dakika moja hupoteza lita 360 kwa siku, karibu uniti 11 kwa mwezi, kwa kuwa uniti moja ni lita 1,000. Njia ya haki ni kuchukua wastani wa ankara za miezi mitatu kabla ya tatizo. Wapangaji walipe kiasi hicho, na ziada ibebwe na mwenye nyumba. Lakini barua yenyewe inakiri kwamba udongo wa uani ulikuwa na unyevu kwa wiki kadhaa na kila mmoja alidhani ni maji ya kufulia ya jirani. Hapo wapangaji wamejipunguzia nguvu. Aliyeona dalili akanyamaza hawezi kumtwisha mwenye nyumba hasara yote, na kugawana ziada hiyo nusu kwa nusu kusingekuwa uonevu. Njia ya kujihakikishia ni mita yenyewe: usiku, koki zote zikifungwa na kigurudumu chake kidogo kikaendelea kuzunguka, kuna mahali panapovuja.

Kwa mwenye hati ya sehemu ya ghorofa, kama ilivyo zaidi Dar es Salaam, mambo husimamiwa na sheria ya umiliki wa sehemu za majengo, Namba 16 ya mwaka 2008. Bomba kuu la jengo hutengenezwa na chama cha wamiliki kwa michango inayofuata ukubwa wa hisa ya kila mmoja. Linalohudumia sehemu yake peke yake ni mzigo wake.

Kwa mpangaji, kukata gharama ya matengenezo kwenye kodi bila makubaliano ni hatari, kwani yeye hugeuka mdaiwa. Taarifa ya maandishi kwa mwenye nyumba hutangulia, kisha mwenyekiti wa mtaa. Likishindikana, shauri huanzia Baraza la Kata, ambalo tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 husuluhisha tu migogoro ya ardhi na nyumba bila kutoa hukumu. Usuluhishi ukikwama, shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba, ambalo lipo pia Babati, na ushahidi unaohitajika ni ankara za zamani, risiti ya fundi na picha za mita zenye tarehe.