Babu na Bibi Wakija Mjini

Somo letu la safari hii lahusu kazi ambayo karibu kila kijana wa shule hii ataipata likizoni, nayo ni kuwatembeza wazee. Kaka yako ameoa, amepanga nyumba ya vyumba viwili Kampala, na mtoto wake sasa ana miaka miwili. Wazee wamepanda basi kuja kumtazama. Baba mtu yuko kazini toka asubuhi, mama mtu pia. Basi wewe usiye na kazi utaambiwa, "Wapeleke wazee wakaone mji, na mtoto mwende naye." Ninyi mliomaliza shule zamani, ambao sasa ndio baba wa watoto hao, someni pia, maana ninyi ndio mtakaotoa nauli.

Kwanza tuyaweke sawa maneno. Mtoto wa mwanao ni mjukuu. Mtoto wa mjukuu ni kitukuu. Na mtoto wa kitukuu ni kilembwe. Mama wa mzazi wako huitwa bibi huko Tanzania, lakini Kenya wengi husema nyanya, na ukiuliza habari za nyanya Dar es Salaam utaonyeshwa njia ya sokoni. Sisi huku tumezoea jjajja ya Kiganda, ambayo hutaja babu na bibi pia bila kubagua. Mke wa mwana huitwa mkaza mwana. Yeye humwita mama wa mumewe mavyaa, na baba wa mumewe bavyaa, ingawa siku hizi wengi husema mkwe tu, na lugha imepungukiwa kwa hilo.

Tena katika makabila mengi yetu babu na mjukuu ni watani. Babu humwita mjukuu wake wa kike "mke wangu", na bibi humwita wa kiume "mume wangu", kisha humwuliza mbona leo hajaleta kitoweo. Asiyejua desturi hushangaa. Lakini utani huo una kazi yake. Baba hukemea na kuadibu, babu hucheza. Hivyo mtoto hupata mtu mzima asiyemwogopa. Sasa fikirini mtoto aliyezaliwa mjini, ambaye hajamwona babu yake ila katika picha ya simu. Siku ya kwanza atajificha nyuma ya gauni la mama yake. Usimsukume mbele kwa kelele za "Msalimie babu!", maana atalia, na babu atatahayari. Wazee wana siku kumi au kumi na nne tu. Zikipita mtoto akiwa bado anawakimbia, watarudi kijijini na majonzi ambayo hawatayasema kwa mtu. Hilo ndilo jambo kubwa katika matembezi haya. Majumba marefu ni jambo la pili.

Habari za miguu, basi. Goti la mzee na mguu wa mtoto ni mamoja: vyote viwili huenda kidogo vikataka kupumzika, na wenyewe wote wawili husinzia baada ya chakula cha mchana. Anayeharibu safari ni wewe wa katikati, mwenye miguu ya kuchezea mpira. Chagua mahali pamoja kwa siku moja. Tokeni asubuhi na mapema, mrudi kabla jua halijawa kali. Bibi, mtoto na kapu juu ya bodaboda moja ni jambo nililoliona kwa macho yangu, na sitaki kuliona tena.

Kwa maoni yangu Entebbe hupita mahali pengine pote. Ni mwendo wa kilomita 40 hivi kutoka Kampala. Bustani ya miti ilianzishwa mwaka 1898, na serikali ya wakati ule iliitumia kujaribia mimea ya kigeni, kama mpira na kakao. Mzee mkulima hatajali sana maua; atasimama penye mti asioujua, aguse gome lake, aulize mbegu yake hupandwaje. Mwache aulize. Ila angalia kitu kimoja: bustani huteremka kwenda ziwani, na mteremko unaopendeza asubuhi ni mlima wakati wa kurudi. Motokaa huruhusiwa kuingia ndani, kwa hiyo iteremsheni mpaka chini, mtembee palipo tambarare. Tumbili wako wengi, nao hunyakua ndizi mkononi mwa mtoto, kwa hiyo chakula kikae kapuni mpaka mketi.

Kando ya ziwa mtoto atataka kuchezea maji. Mzuieni, hata bibi akisema kwamba yeye alioga ziwani utoto wake wote. Vijidudu vya kichocho hutoka katika konokono wakaao majini penye kina kifupi, vikamwingia mtu kwa kutoboa ngozi, wala yeye asisikie kitu. Mtoto hahitaji kuyanywa maji hayo. Kusimama ndani yake kwatosha. Aliyekwisha kuingia zamani hana haja ya kuogopa kupita kiasi, kwa kuwa dawa ya praziquantel ipo, lakini ni heri kujizuia.

Karibu na hapo ipo bustani ya wanyama, iliyoanzishwa mwaka 1952 kuwa makao ya wanyama yatima. Utamkuta korongo-nyangumi, ndege mkubwa mwenye mdomo mfano wa kiatu, ambaye huweza kusimama kitambo kirefu bila kutikisika. Watu hutoka nchi za mbali kuja kumwona ndege huyo. Mtoto wa miaka miwili hatamwona kabisa. Atawatazama sisimizi wanaopita karibu na kiatu chake mwenyewe. Usimvute mkono ukamwambia atazame simba kwa kuwa simba mmemlipia. Bibi atainama naye pale chini, watahesabu sisimizi pamoja, na hapo ndipo ugeni utakapoanza kwisha.

Siku nyingine nendeni kwenye jumba la makumbusho, Kira Road, ambalo liko mahali pale tangu mwaka 1954. Nyuma yake zimejengwa nyumba za kienyeji za makabila mbalimbali ya Uganda. Hapo madaraka hubadilika. Wewe uliyekuwa kiongozi utanyamaza, na babu atakuonyesha jinsi nyasi zilivyofungwa na chungu kile kilikuwa cha nini. Chukua daftari uandike, maana mambo mengine hayamo katika vitabu vyenu. Makaburi ya Wakabaka huko Kasubi pia ni pa kuheshimiwa sana. Amelala hapo Mutesa wa Kwanza, aliyefariki mwaka 1884, pamoja na Wakabaka watatu waliomfuata. Nyumba kuu iliteketea kwa moto Machi 2010, ikajengwa tena, na mwaka 2023 UNESCO iliiondoa katika orodha ya mahali palipo hatarini. Ni mahali pa utulivu, wala si pa kukimbizana, mtoto abebwe.

Wazee watokao Masaka au Bukoba hupita Kayabwe, kilomita 70 na kitu kutoka Kampala, ambapo mstari wa ikweta hukata barabara. Kuna watu huwaonyesha wageni maji yakizunguka kulia upande mmoja wa mstari, na kushoto upande wa pili. Mtoto hufurahi sana. Ninyi mnaosoma fizikia mjue ya kuwa si kweli. Nguvu itokanayo na kuzunguka kwa dunia ni sifuri penye ikweta, na hatua chache kutoka hapo ni ndogo mno isiweze kuongoza maji ya beseni. Anayeyaongoza ni mwenye beseni, kwa jinsi anavyoyamimina na kuligeuza. Jambo la ajabu lililo kweli ni jingine: babu akisimama hapo juu ya fimbo yake, dunia yamchukua mwendo wa kilomita 1,670 hivi kwa saa moja.

Limebaki suala la motokaa, nalo limeharibu safari nyingi. Wakiwa wageni ni wazazi wa mke, kumbukeni kwamba katika Buganda ya zamani mwanamume na mama wa mkewe hawakugusana wala hawakukaa karibu, na kutetemeka mikono kwa aliyevunja mwiko huo kuliitwa obuko. Wako wazee wanaoshika desturi hiyo hata leo, tena hawatasema lolote ila kwamba hawajisikii vizuri na wangependa kubaki nyumbani. Basi mkwe akiendesha, babu aketi mbele. Bibi aketi nyuma pamoja na binti yake na mtoto. Na nafasi ikiwa haba, wewe kijana panda teksi, uwakute huko huko.