Nani Aliyeona?

Upande wa Mwenge, katika wilaya ya Kinondoni, Dar es Salaam, si mbali na Chuo Kikuu, pana soko la vinyago lijulikanalo sana. Wachongaji huketi mbele ya vibanda vyao wakichonga mpingo kwa tezo na patasi, na wapitao husimama kutazama. Mti wa mpingo una ganda jeupe na moyo mweusi, na ni mgumu hata chombo butu hakifai kitu juu yake.

Mvulana mmoja wa Darasa la Sita alikaa Mwenge kwa babu yake mchongaji, pamoja na kaka yake. Siku moja mwalimu alilipa darasa kazi, akasema, “Mmekwisha kusoma kitabu cha Shaaban Robert kiitwacho Adili na Nduguze. Sasa kila mtu aandike insha na kujibu swali hili: Ni nani asimuliaye habari hizi, na jambo hilo lambadilishaje msomaji?”

Mvulana alifurahi, maana kitabu alikijua vema. Akaketi usiku, akaandika kurasa nne. Alieleza jinsi Mfalme Rai wa Ughaibuni alivyomtuma Ikibali kwenda Janibu kuleta kodi. Jinsi Ikibali alivyomwona Adili usiku akiwapiga nyani wawili. Na jinsi ilivyojulikana mwisho kuwa nyani wale walikuwa ndugu zake Adili, Hasidi na Mwivu. Hakusahau hata jambo moja. Lakini daftari liliporudi, alikuta mwalimu ameandika chini yake: “Umeeleza yaliyotendeka. Hukueleza ni nani aliyeyaona. Rudia.”

Mvulana akaenda kibandani kwa babu yake uso umemshuka.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Mbona umenuna?”

“Babu, nimeandika kurasa nne, na yote ni kweli kama yalivyo kitabuni. Mwalimu hakuridhika. Ati sikusema ni nani aliyeona. Yakiwa ni kweli, yafaa nini kuuliza aliyeona?”

Mzee hakujibu mara moja. Aliinua kinyago kirefu cha ujamaa, kile chenye watu wengi waliobebana, akakisimamisha juu ya gogo mbele ya mjukuu wake. “Nieleze waonacho,” akasema.

“Naona mama amebeba mtoto. Juu yao yupo mzee, na juu ya mzee wamo vijana wawili. Wote wanacheka.”

“Hakuna anayelia?”

“Hakuna, babu.”

“Basi zunguka.”

Mvulana akazunguka. Upande wa nyuma, chini kabisa, aliona mtu aliyeinama, magoti yamekunjika, kinywa wazi kwa uchungu. Wengine wote walikuwa wamesimama juu ya mgongo wake.

“Huyu sikumwona!” akasema.

“Alikuwapo tangu mwanzo,” babu akajibu. “Hukusema uongo uliposema kuwa wanacheka. Lakini ulisema wote, nawe ulikuwa umesimama upande mmoja tu.” Kisha akaweka tezo yake chini. “Na juzi, ulipomwona kaka yako na patasi, ulisimama upande gani?”

Mvulana akainamisha kichwa. Juzi wakati wa magharibi, akiwa mlangoni, alimwona kaka yake akifungua sanduku la babu, akitoa patasi kubwa, akiificha ndani ya shati na kutoka mbio. Asubuhi yake aliwaambia wenzake njiani kuwa kaka yake ni mwizi. Maneno hayakulala, jioni yakamfikia kaka mwenyewe. Tangu hapo kaka yake hakumsemesha. Walikula sahani moja bila ya neno, wakalala chumba kimoja kila mtu ameelekea ukuta wake.

“Leo ndipo nilipoyasikia,” babu akasema. “Patasi ile nilimtuma mimi aipeleke kunolewa. Aliitia ndani ya shati kwa sababu mvua ilikuwa ikinyesha, na alikwenda mbio kwa sababu hiyo hiyo. Macho yako hayakukosa. Yaliona sanduku, patasi na shati. Wizi hayakuuona, wizi uliongezwa na ulimi.”

Usiku ule mvulana alimwendea kaka yake, akasema, “Kaka, niwie radhi. Nilisema nisilolijua. Kesho nitawaambia wale wale niliowaambia.” Kaka yake akakaa kimya kitambo, kisha akasema, “Waambie kwanza. Tutazungumza baadaye.” Kesho yake mvulana aliwakusanya wenzake njiani, akawaeleza yote, ingawa wawili walimcheka. Siku hiyo jioni kaka yake alimsogezea sahani na kumwita kwa jina lake.

Ndipo mvulana alipokifungua tena kitabu, akakisoma kwa macho mapya. Aliona kwamba Ikibali naye alisimama mlangoni. Aliona mjeledi na machozi. Sababu yake hakuijua. Msomaji aketiye pamoja na Ikibali usiku ule humdhania Adili kuwa mtu mkatili. Lakini baadaye Adili aitwa mbele ya mfalme, naye asimulia maisha yake kwa kinywa chake mwenyewe. Hapo msomaji apata kujua kuwa Hasidi na Mwivu walimtosa ndugu yao baharini kwa ajili ya wivu. Kwamba Huria, jini, ndiye aliyewageuza kuwa nyani. Na kwamba kupigwa kwao ilikuwa amri yake. Kipigo ni kile kile. Aliyebadilika ni msomaji, kwa kuwa amehamishwa kutoka mlangoni na kutiwa moyoni mwa Adili.

Mvulana akaandika insha upya, kurasa mbili tu. Mwisho wake aliongeza neno ambalo hakuna mwingine darasani aliyeliandika: kwamba habari za uovu wa Hasidi na Mwivu msomaji huzipata zaidi kwa kinywa cha Adili, aliyeonewa, na kwamba kama Hasidi angepewa nafasi ya kusimulia, huenda asingeukana uovu wake, lakini angeanza habari mahali pengine. Mwalimu aliisoma insha ile mbele ya darasa lote.

Namna za Msimulizi

Mwandishi wa kitabu na msimulizi wa kitabu si lazima wawe mtu mmoja. Mwandishi ndiye aliyeshika kalamu. Msimulizi ni sauti ambayo mwandishi ameichagua.

Msimulizi wa nafsi ya kwanza husema “mimi” au “sisi”. Yumo ndani ya habari. Ayajua ya moyo wake, lakini ya mioyo ya wengine hukisia tu. Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 karibu na Tanga na kufariki mwaka 1962, alitumia nafsi hiyo alipoandika habari zake mwenyewe katika Maisha Yangu.

Msimulizi wa nafsi ya tatu husema “yeye” na “wao”. Husimama nje. Pengine ayajua yote, hata mawazo ya kila mtu. Pengine humfuata mtu mmoja tu.

Tena vipo vitabu vyenye msimulizi ndani ya msimulizi. Adili na Nduguze, kilichotolewa mwaka 1952, ni kimoja. Kingine ni Kusadikika, kilichotolewa mwaka 1951. Humo msimulizi wa nje aeleza jinsi Karama alivyoshtakiwa na waziri Majivuno. Kisha Karama mwenyewe asimama barazani na kusimulia safari za wajumbe sita. Safari hizo Karama hakuzisafiri. Basi msomaji husikia habari iliyopita vinywa viwili.

Namna ya Kuandika Insha

1. Taja kwanza ni nani asimuliaye, na onyesha alama yake: “mimi” au “yeye”.

2. Sema amesimama wapi: ndani ya habari au nje, karibu au mbali.

3. Tafuta jambo moja alijualo na jambo moja asiloweza kulijua. Taja sura au mahali katika kitabu. Dai lisilo na mahali pake kitabuni ni kama neno la njiani.

4. Eleza jinsi jambo hilo limfanyavyo msomaji: amhurumie nani, amshuku nani, ashtuke lini.

5. Usihadithie kitabu kizima. Mwalimu amekisoma. Chukua tukio moja au mawili yatoshayo kuthibitisha neno lako.

6. Mwisho, uliza ni nani ambaye sauti yake haikusikika.

Maneno

Tezo: chombo cha chuma chenye mpini, cha kuchongea mti.
Butu: isiyo kali.
Kutosa: kutupa majini.
Kushuku: kudhania mabaya.

Maswali

1. Kwa nini mwalimu hakuridhika na kurasa nne za kwanza?

2. Mvulana aliona nini mlangoni? Aliongeza nini?

3. Ikibali na mvulana wamefanana katika jambo gani? Wametofautiana katika lipi?

4. Kaka alisema, “Waambie kwanza.” Kwa nini hakukubali radhi papo hapo?

5. Andika habari ya patasi upya, nusu ukurasa, kwa nafsi ya kwanza, msimulizi akiwa kaka. Asiseme jambo lolote ambalo hakuweza kulijua.