Matofali ya Jiko la Kuni: Jinsi ya Kuchagua Yafaayo

Katika shule nyingi za bweni nchini chakula hupikwa kwa kuni. Pale ambapo mafiga yameachwa, hutumika jiko kubwa la chuma ambalo chumba chake cha moto kimezungushiwa matofali ya kustahimili moto. Matofali hayo hayadumu milele. Yanapobomoka, mpishi na fundi hukabiliwa na swali: tuweke tofali gani? Ili kulijibu vema, yafaa kwanza kufahamu kazi ya tofali hilo.

Kazi zake ni mbili. Kwanza, hukinga chuma. Moto wa kuni huweza kupita nyuzi 800 za Selsiasi, ilhali chuma cha kawaida hupungukiwa sana na nguvu kipitapo nyuzi 500 hivi. Kisipokingwa hupinda, huliwa, na hatimaye hutoboka. Pili, tofali huzuia joto lisitoroke, ili moshi wenyewe upate kuungua. Moshi, kwa sehemu kubwa, ni kuni ambazo hazijaungua. Ukizidi, kuni hupotea bure na mapafu ya mpishi hudhurika.

Tofali la kujengea nyumba halifai kwa kazi hii. Mara nyingi lina mchanga mwingi, na chembe za mchanga, ambazo ni silika, hutanuka ghafla zifikapo nyuzi 573 na kunywea zipoapo. Likipashwa na kupozwa kila siku, tofali hilo hupasuka. Tofali la moto hufinyangwa kwa udongo wenye alumina nyingi, kama vile kaolini ipatikanayo Pugu, karibu na Dar es Salaam. Kaolini safi haiyeyuki hata katika nyuzi 1,700. Saruji nayo isitumike kuunganishia: katika nyuzi 400 hadi 500 hupoteza maji yaliyoishikamanisha, ikalegea na kumomonyoka. Utumike udongo wa moto wa aina ile ile ya tofali.

Hata hivyo, matofali ya moto hayafanani yote. Yako mazito, ambayo hutunza joto na kustahimili kugongwa na magogo; na yako mepesi, yenye vitundu vingi vya hewa, ambayo huzuia joto lisipite lakini huchubuka upesi. Ukiweka zito mahali pa jepesi, joto litanywewa na tofali, moto utapoa, na moshi utaongezeka. Ukiweka jepesi mahali pa zito, magogo yatalimaliza mapema.

Njia rahisi ya kutambua aina ni kupima. Chukua tofali la zamani lililo kavu, lipime urefu, upana, unene na uzito. Tofali la sentimita 23 kwa 11.4 kwa 6.4 lina ujazo wa lita 1.7 hivi. Likiwa zito, hukaribia kilo 3.5, likiwa jepesi, mara nyingi halifiki kilo 1.5. Tofali jipya lilingane na la zamani kwa uzito na kwa unene pia, maana jembamba halikingi chuma vya kutosha, na nene hupunguza nafasi ya kuni.

Ufa peke yake si sababu ya kubadilisha tofali, iwapo vipande vyake vimekaa imara. Libadilishwe linapomomonyoka, au chuma kilicho nyuma yake kinapoonekana.

Wakati wa kukata, lowesha tofali kwa maji na ufunike pua na mdomo, kwani vumbi la silika huharibu mapafu. Baada ya kujenga, acha jiko likauke kwa siku kadhaa, kisha washa moto mdogo mara mbili tatu kabla ya ule mkubwa. Maji yaliyobaki ndani ya tofali yakigeuka mvuke kwa ghafla, hulipasua, na kazi yote huanza upya.