Kuchagua Ngoma ya Kuimarisha Miguu: Somo kwa Mlaji

Ufuta na korosho vinapouzwa, fedha huingia mikononi mwa wakulima wa Ngorongo, Utete, Ikwiriri na Kibiti, na nyuma ya fedha hufuata wauzaji. Miongoni mwa wanavyonadi ni madarasa ya dansi ya mazoezi, mafuta ya kunyoosha miguu na vidonge vya kupunguza mapaja. Katika somo hili tunamsaidia mlaji kuchagua mtindo wa kucheza unaoufaa mwili na mfuko wake, na kuitambua ahadi isiyoweza kutimizwa.

Kile ambacho kucheza kunaweza kufanya

Kucheza huufanyisha kazi moyo, hukaza misuli ya mapaja, makalio na mashavu ya miguu, na huimarisha mizani ya mwili. Hata hivyo, hakuna mchezo unaoweza kuchagua mafuta ya kuyeyusha. Mwili hupungua wote kwa kadiri ya chakula, kazi na maumbile ya mtu, na mapaja hayapungui peke yake kwa sababu ndiyo yaliyotikiswa. Kwa hiyo, mwalimu anayeahidi miguu iliyokazika ndani ya siku saba anauza maneno. Mabadiliko ya misuli huhitaji wiki nyingi za mazoezi yasiyokatika.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza kwa mtu mzima dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya kukaza misuli siku 2 au zaidi. Dakika 150 ni siku 5 za nusu saa. Mkulima atembeaye kwenda shambani na kupalilia kwa jembe amekwisha kutimiza sehemu ya hesabu hiyo; naye ayahesabu hayo kabla ya kununua mengine.

Kulinganisha mitindo

Mdundiko wa Wazaramo huchezwa kwa kutembea na kuzunguka mitaa. Hatua zake hazirushi mwili juu sana, kwa hiyo humfaa anayeanza na mwenye umri mkubwa.

Sindimba ya Wamakonde huchezwa kwa magoti yaliyokunjwa na kiuno kinachozunguka. Kukaa katika mkunjo huo ndiko kunakokaza misuli ya mbele ya paja. Mwenye maumivu ya goti akunje kidogo tu.

Msewe wa Pemba, ambao wachezaji wake hufunga misewe miguuni, hutaka kukanyaga kwa nguvu. Hufanyisha kazi mashavu ya miguu na vifundo, lakini haumfai aliyeteguka.

Singeli, iliyozaliwa katika mitaa ya Dar es Salaam, ina mapigo yanayoweza kuzidi 200 kwa dakika. Ni mazoezi makali. Mwenye shinikizo la damu au ugonjwa wa moyo apate kwanza ushauri wa mganga.

Zumba, iliyobuniwa na Beto Pérez wa Kolombia, huchanganya salsa, merenge na mazoezi ya viungo. Jina hilo ni alama ya biashara na walimu wake hupewa leseni. Anayelitumia kuomba ada aombwe aionyeshe.

Kipimo cha ukali wa mchezo hakihitaji kifaa. Ukiweza kuzungumza lakini huwezi kuimba, mwendo ni wa wastani. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza.

Kabla ya kulipa

Tuchukue mfano. Darasa la mjini ni shilingi 3,000 kwa siku, na nauli ya bodaboda kwenda na kurudi ni shilingi 6,000. Kwa siku 3 kila wiki, katika wiki 4 mlaji atatumia shilingi 108,000, na kati ya hizo shilingi 72,000 ni nauli tupu. Kikundi cha ngoma cha kijijini, kikikutana uwanjani jioni, kinaweza kumpa dakika zilezile bila gharama hiyo. Palipo na ngoma, wachezaji na ardhi tambarare isiyo na mashimo, darasa limekwisha kupatikana.

Akiamua kulipa, mlaji aombe kucheza siku moja kwanza, aulize masharti ya kurudishiwa fedha asipoweza kuendelea, asilipe miezi mingi kwa mkupuo, na adai risiti. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu huduma au bidhaa. Aliyepotoshwa atunze risiti na tangazo, kisha awasilishe malalamiko kwa Tume ya Ushindani.

Mguu uliovimba hauchezwi

Hapa tunaomba msomaji awe makini zaidi. Si kila mguu mnene ni mguu usiokazwa. Uvimbe unaobonyea kwa kidole unaweza kutokana na moyo au figo. Mguu mmoja uliovimba ghafla na kuuma unaweza kuwa na damu iliyoganda. Nao ugonjwa wa matende, unaoenezwa na mbu na unaojulikana tangu zamani katika pwani yetu, huanza kwa uvimbe ambao mtu aweza kuudharau. Aliyeuziwa mafuta ya kunyoosha mguu wa namna hiyo hupoteza fedha na, lililo baya zaidi, hupoteza muda wa kutibiwa. Aende zahanati au kituo cha afya. Vivyo hivyo, anayepata maumivu ya kifua au kizunguzungu akicheza aache mara moja na atafute huduma.

Zoezi la msomaji

Andika katika karatasi: dakika ngapi za kutembea na kulima unazo kwa wiki; ni kiungo gani kinachokuuma; ni ngoma gani unayoipenda kiasi cha kuirudia wiki 12 zijazo; na shilingi ngapi zitatoka, nauli ikiwemo. Ikiwa jibu la tatu halipo, usilipe bado. Mtindo bora kwa miguu yako ni ule utakaokuwa ukiucheza hata msimu ujao wa mavuno.